Cherehani Yangu Iko Wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu uchoraji, na majibu ya Mwalimu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Mwanga hapa Kigoma. Riziki yangu ni kuandika mabango ya saluni na maduka, usiku ndipo nachora picha zangu. Mwaka huu nilichora picha sita za wakimbizi: akina mama wako peku, watoto wanalia, mikono imenyooshwa, na nyuma yao nimepaka nyekundu tupu. Sura nilizitoa kwenye picha za intaneti. Nikazitundika katika ukumbi mmoja mjini, na wageni wakanunua mbili. Siku ya tatu akaja mzee mmoja aliyetoka Burundi mwaka 1972. Akapita picha zote sita polepole, kisha akaniambia, "Hawa siwajui." Akaenda zake. Tangu siku hiyo brashi imenishinda. Je, mtu ambaye hajawahi kukimbia haruhusiwi kuchora wakimbizi? Na kama machozi yale si kweli, basi mateso tuyafiche?
Mchoraji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa neno la mzee, na hongera kwa kuwa limekukaa rohoni. Mimi nami niliambiwa neno la namna hiyo, na sina budi nikusimulie kabla sijakujibu lolote.

Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikwama Kagunga. Unapajua: kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya ziwa na milima, karibu kabisa na mpaka. Kutoka pale ilikuwa ni maji, au kuukwea mlima kwa miguu. Kipindupindu kikaingia. Ndipo MV Liemba, meli ile ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua. Haikuweza kusogea ufukweni, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mitumbwi hadi ubavuni mwake, wakapandishwa. Hapa Kigoma walishushwa bandarini, wakapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu.

Nilikwenda bandarini na daftari na penseli. Watu walishuka na magodoro yaliyolowa, masufuria, madumu ya njano, kuku waliofungwa miguu. Kati yao alikuwapo mwanamume wa miaka kama arobaini, amekumbatia kifurushi cha kitenge kwa mikono miwili, kichwa amekiinamishia. Nilidhani ni mtoto mchanga. Alipoketi chini akafunua pindo la kitenge kuangalia kama maji yameingia, nikaona: kichwa cha cherehani. Cheusi, chenye maua ya rangi ya dhahabu, na maua yale yalikuwa yamefutika upande mmoja tu, pale mkono wa fundi unapopita kila siku. Meza na kanyagio alikuwa ameviacha. Alikipangusa kwa kiganja, akakifunika tena.

Nilimchora pale pale kwa penseli, na mchoro ule ulikuwa mzuri. Kosa nililifanya nyumbani. Nilipokuja kwenye rangi za mafuta nikaona cherehani inanisumbua. Nikajiambia, mtu akiona cherehani atasema huyu ana mali, hatamhurumia. Nikaitoa. Mikono nikaiacha mitupu, macho nikayatia machozi ambayo sikuyaona bandarini. Picha ikanunuliwa upesi, kama zako mbili.

Mwaka uliofuata nilikuwa nikifundisha watoto kuchora kambini. Nikamkuta yule bwana kwenye kibanda cha mabati sokoni, anashona sare za shule. Alikuwa ameunga meza kwa mbao za makasha, na kichwa kile kile kiko juu yake. Nikafurahi, nikamwonyesha picha yake kwenye simu. Akaitazama sana. Hakuuliza habari ya machozi, wala fedha. Aliniuliza swali moja: "Cherehani yangu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kitu ambacho risasi na ziwa na kipindupindu vilishindwa kumnyang'anya, nilimnyang'anya mimi, mezani kwangu, nimekaa, nina chai pembeni. Nilichora picha ya pili, cherehani ikiwamo, nikampelekea. Ile ya kwanza iko kwa watu na siwezi kuirudisha.

Sasa nakuja kwako. Uliuliza kama mateso tuyafiche. Hapana, hata kidogo. Yachore, ila uyachore yalivyo ya mtu. Kuna picha nataka uitafute na uitazame kwa saa nzima. Ilichorwa mwaka 1953 na Ismail Shammout, Mpalestina wa mji wa Lydda, na jina lake kwa Kiarabu ni swali: "Kwenda wapi?" Julai 1948, yeye akiwa na miaka 18, watu wa Lydda walifukuzwa mjini, wakatembezwa kwa miguu kwenye jua kali bila maji. Mdogo wake alikufa kwa kiu njiani. Familia ikaishia kambi ya Khan Younis, Ukanda wa Gaza, na kijana yule akawa anauza vitamu kambini kabla hajapata kwenda kusomea uchoraji Cairo. Mtu wa namna hiyo, kama angetaka kuchora maiti na damu, nani angemzuia? Yeye alichora mzee mwenye nguo zilizochakaa, fimbo mkononi, mtoto mmoja amemlalia begani. Wa pili ameshikwa mkono, naye ameinua uso kumtazama baba. Wa tatu anafuata nyuma peke yake, analia. Kwa mbali kuna mti mkavu na mji walioacha. Machozi yamo, ndiyo, lakini hayo ni ya mtoto aliyeachwa hatua mbili nyuma, na kila mzazi aliyewahi kutembea na watoto watatu anajua kwa nini yule wa tatu analia: baba ana mikono miwili tu. Hilo halitoki intaneti.

Mwingine ni Hayv Kahraman. Alizaliwa Baghdad, na utotoni familia yake ilikimbilia Sweden wakati wa vita vya Ghuba na yaliyofuata. Katika vitu vichache walivyotia begini kulikuwa na mahaffa, kile kipepeo cha mkono kinachosukwa kwa makuti ya mtende, ndugu kabisa wa vipepeo vyetu vya ukili. Fikiria: unakimbilia nchi ya theluji, na unabeba kipepeo cha kujipepea wakati wa joto. Alipokuwa mchoraji mkubwa akakirudia kile kipepeo. Akawa anaichana picha yake mwenyewe, mwili wa mwanamke aliyemchora, na kuisuka upya kama ukili. Niliposoma habari zake nilikumbuka cherehani, nikalia peke yangu.

Kuhusu ruhusa. Goya wa Uhispania hakuwa mkimbizi alipochonga michoro yake ya vita, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Katika mchoro wa 44 watu wanakihama kijiji. Mama anamvuta mtoto wake, na padri amekumbatia mfuko wa fedha. Chini yake Goya ameandika maneno ambayo kwetu ni neno moja: "Nililiona." Angalia ule mfuko wa padri. Mtu anayetunga huruma hawezi kuutia mfuko ule, maana unaichafua huruma. Aliyeona ndiye anayeutia. Kwa hiyo mimi sikukatazi kwa sababu hukukimbia. Nakuuliza umeona nini. Na kama hukuona, umekaa na nani ukamsikiliza?

Wewe unaishi Kigoma. Una mzee wa 1972 katika mji wako, kisha unakwenda kutafuta sura kwenye simu! Waliokuja mwaka ule walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi msituni, wakafyeka, wakalima. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Huenda picha ya ukimbizi anayoijua mzee huyo ina shoka na mahindi, na mtu anayeitwa mkimbizi miaka arobaini baada ya kujenga nyumba yake. Hayo nayo ni mateso, lakini rangi yake haiwezi kuwa ile nyekundu yako.

Na hilo la kunakili picha za watu, twende nalo taratibu. Unaikumbuka picha ya mtoto Alan Kurdi, Msyria aliyekutwa amekufa ufukweni Uturuki tarehe 2 Septemba 2015. Aliyeipiga, Nilüfer Demir, alikuwapo pale. Baadaye wachoraji wengi wakainakili. Huko Frankfurt wawili walimchora mtoto yule vile vile alivyolala, picha kubwa mno ukutani kando ya mto Main. Watu wakaja usiku wakaiharibu kwa maandishi ya kuwachukia wakimbizi. Wachoraji waliporudi hawakumrudisha akiwa maiti. Walimchora akiwa hai, anacheka, na wanasesere wa dubu wamemzunguka. Kwangu mimi picha ya pili inauma zaidi, kwa sababu ndani yake yumo mtoto, na sasa unajua nani hayupo.

Kama nyekundu yako ile ni hasira, nayo ina mahali pake. Abdalla Al Omari, Msyria aliyekimbilia Ubelgiji, aliwachora wakuu wa nchi za dunia, Trump na Obama na Assad wakiwamo, wamevaa matambara, wamepanga foleni ya chakula. Trump amebeba mtoto aliyelala na godoro la kukunja. Anasema alianza kwa hasira, lakini alivyoendelea kuchora ikageuka kitu kingine. Unaona alivyoielekeza hasira yake kwa wenye nguvu. Mama aliye peku hakumwongezea mzigo.

Kipimo ninachokitumia siku hizi nilikipata Lubumbashi, Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Miaka ya 1970 kulikuwa na mchoraji pale, Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi yake kwenye vitambaa vya magunia ya unga, picha zaidi ya mia, na kuzieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba, kama jimbo la Katanga lilivyoitwa wakati ule. Wachoraji wa mji ule walichora sana picha ya enzi ya Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini anapigwa kiboko, bendera inapepea, ofisa amesimama anaangalia. Na walionunua ni wafanyakazi wa migodini na makarani, watu ambao baba zao ndio waliolazwa pale. Wakazitundika sebuleni, juu ya kochi. Kazi ya picha hizo waliita ukumbusho.

Basi unapomaliza picha ya mtu, jiulize: huyu angeitundika sebuleni kwake? Picha inaweza kuwa ya uchungu mkubwa na jibu likawa ndiyo. Kama wanaoweza kuitundika ni wageni tu, rudi kazini.

Mambo mawili ya vitendo, nisije nikasahau. Omba idhini kwa lugha anayoielewa, na mkubaliane mapema atapata nini picha ikiuzwa. Na usiionyeshe sura bila kumuuliza kama kuna mtu anayemkimbia, maana picha huzunguka sana sasa na inaweza kumfikia yule yule. Ukichora mgongo na mikono yake, watakaomjua ni wale anaotaka wamjue. Picha zako nne zilizobaki usizichome. Zigeuze ukutani, umtafute mzee, umpelekee hata kilo ya sukari, ukae.

SWALI: Habari ya kazi Mwalimu. Mimi ni Mkongomani, niko hapa kambi ya Kakuma, Kenya, nachora. Kitambaa cha kuchorea ni ghali na hakipatikani. Kuna maturubai ya mahema yaliyochakaa. Naweza kuyachorea? Wenzangu wanasema rangi itabanduka, mimi naona turubai lenyewe lina maana.
Mchoraji, Kakuma

JIBU: Nzuri, baba. Mna haki wote wawili. Maana ipo, na rangi itabanduka. Turubai lile ni plastiki, halinywi rangi. Rangi ya mafuta italala juu kama ganda la yai na siku utakayolikunja itapasuka. Ukitaka lazima, lioshe kwa sabuni mpaka mafuta na vumbi viishe, lisugue kwa msasa laini lipoteze mng'ao, lipigilie misumari kwenye fremu likiwa limevutwa vizuri, kisha tumia rangi za akriliki kwa tabaka nyepesi nyepesi, na usilikunje kamwe. Jua la Turkana lilishaanza kulila kabla yako, kwa hiyo litunze ndani. Mifuko ya salfeti ya mahindi ina shida ile ile.

Kitu cha kudumu na cha bei ndogo ni marikani, au shuka kuukuu la pamba. Livute kwenye fremu, chukua gundi nyeupe ya mbao uizimue na maji, paka mara mbili, likikauka paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani, piga msasa kidogo. Hapo unaweza kuchora kwa miaka. Au tafuta mbao laini za dari. Edward Saidi Tingatinga alianza hivyo Dar es Salaam mwaka 1968, kwa vipande vya mbao za namna hiyo na rangi za kupakia baiskeli, na leo jina lake linajulikana duniani.

Ukiamua turubai, nina ombi. Pale palipoandikwa herufi za shirika usipafunike, na pale palipotiwa kiraka acha uzi uonekane. Mtu alikaa usiku kukishona kile kiraka mvua ikinyesha, na huwezi kuchora kitu kinachosema zaidi ya mshono ule. Ila chukua lililokwisha kabisa. Turubai linalomkinga mtu mvua, hata kama linavuja, liache lilipo.

SWALI: Jambo Mama. Mimi niko mtu wa Fizi, Kongo. 1996 nilikuwa mtoto, tulikimbia vita, tukavuka ziwa na mtumbwi usiku mpaka Kigoma, nikakomea Nyarugusu. Sasa niko Marekani na watoto wangu. Nimeongea na mchoraji mmoja anichoree ule usiku, niweke picha kwenye sebule. Watoto wanasema, "Mama, kwa nini unaleta huzuni ndani ya nyumba?" Wako na haki?
Mama wa watoto wanne, Marekani

JIBU: Jambo sana, mama. Barua yako ilifika siku moja na ya kijana wa Kigoma, ndiyo maana nimeziweka pamoja. Soma nilivyomwambia kuhusu sebule za Lubumbashi.

Huzuni hiyo haiji sasa, ilishaingia nyumbani pamoja na wewe, na watoto wanaijua. Wanaisikia ukinyamaza ghafla mezani. Wasichonacho ni kitu cha kukiuliza. Picha itawapa. Mtoto hawezi kuanza kwa kusema "Mama, tueleze vita." Lakini anaweza kusema, "Huyu aliyekaa mbele ni nani?" nawe ukamjibu ni mjomba, na alikuwa na mzaha, na alipiga kasia usiku kucha.

Usimwachie mchoraji atunge. Kaa naye. Mwambie mtumbwi ulikuwa mkubwa kiasi gani na mlikaa wangapi. Mwambie kama kulikuwa na mwezi. Kama ulikuwa usiku wa giza, wavuvi wa dagaa walikuwa majini na taa zao, na sisi wa huku tunajua ziwa linavyokuwa usiku ule, kama mji umeelea. Je, mliziona? Mlizifurahia, au mliziogopa mkidhani ni askari? Achore hilo. Na watoto wawepo anapokuuliza, hata kama watajifanya wanachezea simu.

Picha ikifika, usiitundike kwanza. Iweke chini, iegemee ukuta, kila mtu aizoee kwa wiki moja, kisha wao wachague ukuta. Kama watachagua ukumbi wa nyuma badala ya sebule, kubali.

Na uniandikie tena, tafadhali, kwa kuwa tangu nisome barua yako nina swali ambalo haliniachi. Usiku ule, ndani ya mtumbwi, mama yako alikuwa ameshika nini mikononi?